Mbona wasizizime tu?

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na swali lako nimekaa nalo siku kadhaa. Umesoma kwamba ndani ya seli mna vipande viitwavyo maikroRNA ambavyo huzizeesha, ukauliza: "Mama, kama vinajulikana, mbona wasivizime tu?" Tena umesema kuna kipimo cha damu kinachotaja umri wa seli kwa kuhesabu maikroRNA, na uko tayari kunilipia. Nitakujibu yote mawili, ila la kwanza ndilo zito.

Zamani wataalamu waliamini kwamba seli za mwili zikitunzwa vizuri maabarani zitagawanyika milele. Mwaka 1961, huko Philadelphia, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kuwa sivyo. Seli za kawaida za binadamu ziligawanyika mara 50 hivi, kisha zikasimama. Hazikufa. Ziliendelea kuishi, ila hazikuzaa seli nyingine. Huko ndiko kuzeeka kwa seli, na jambo la kushika ni hili: seli haisimami kwa uchakavu peke yake. Inasimamishwa, kwa amri inayotoka ndani yake.

MaikroRNA zimo katika kuitekeleza amri hiyo. Jeni ikifanya kazi hutoa nakala, RNA mjumbe, inayopeleka maelekezo ya kutengeneza protini. Lakini mjumbe akishatoka kwenye kiini cha seli anaweza kuzuiwa. MaikroRNA, kipande chenye herufi 22 hivi tu, humkamata, mara nyingi kwenye mkia, na protini ile hutengenezwa kidogo au isitengenezwe kabisa. Binadamu tuna jeni zaidi ya elfu moja za maikroRNA, na aina moja ya kipande inaweza kubana jeni nyingi kwa mpigo. Hapo tayari unaona ugumu: ukizima kimoja, hujui umewafungulia wajumbe wangapi.

Cha kwanza kugunduliwa, lin-4, kilipatikana kwa mnyoo wa milimita moja. Ni kazi ya Victor Ambros na Gary Ruvkun, iliyochapishwa mwaka 1993 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Miaka mingi watu waliiona kuwa habari ya minyoo tu, hadi mwaka 2000 kipande kingine, let-7, kilipoonekana kwa wanyama wengi, sisi tukiwemo. Mwaka 2005 Michelle Boehm na Frank Slack wakachapisha matokeo ambayo mimi nayapenda kuliko yote. Minyoo isiyo na lin-4 ilikufa mapema, na iliyoongezewa lin-4 iliishi zaidi. Umeona? Hapa maikroRNA inarefusha maisha. Kwa hiyo aliyekuambia kwamba "zinazeesha" amekupa nusu ya habari.

Nusu ya pili ni maikroRNA iitwayo miR-34a, ambayo nadhani ndiyo uliyosoma. DNA ikiharibika, protini iitwayo p53, mlinzi mkuu wa seli, huiamsha miR-34a, nayo huzibana protini zinazosukuma seli kugawanyika. Seli husimama, au hujiua. Katika moyo wa panya miR-34a huongezeka kadiri panya anavyozeeka, na watafiti wa Frankfurt walipoizuia, mwaka 2013, seli za moyo zilizokufa zilipungua. Ukiishia hapo utasema basi, tuizime.

Lakini seli yenye DNA iliyoharibika, ikiachwa igawanyike itakavyo, ndiyo mwanzo wa saratani. Saratani nyingi zina upungufu wa miR-34a. Kile kinachouzeesha moyo ndicho kinachofunga njia ya uvimbe wa saratani kwenye ini au pafu. Ndiyo maana madaktari wa saratani walitaka kuiongeza: walitengeneza dawa iitwayo MRX34, wakawajaribia wagonjwa, na mwaka 2016 jaribio likasimamishwa kwa sababu kinga za miili ya baadhi yao zilichachamaa vibaya. Wanne walifariki. Nakuandikia hili bila kulipamba kwa sababu nimeishi na mirija ya sampuli za damu maisha yangu yote ya kazi, na nyuma ya kila mrija kuna mtu. Tusiseme "wazime tu" kirahisi.

Isitoshe, seli zilizozeeka zina kazi. Kidonda kinapopona, baadhi yake husaidia kukifunga, kisha kinga ya mwili huziondoa. Shida huja zinaporundikana uzeeni huku zikimwaga kemikali za kuamsha kinga na kuufanya mwili uvimbe na kuwaka, kama ile iitwayo IL-6. Na hata hapo maikroRNA nyingine, miR-146a, hupanda na kuzipunguza kemikali hizo. Mimi tumaini langu liko huko, kwenye kuituliza seli iliyozeeka mahali inapodhuru bila kuigusa breki yenyewe inayoizuia isigeuke saratani.

Sasa kipimo. Ni kweli maikroRNA huelea kwenye damu na huweza kupimwa. Lakini chembe nyekundu za damu zimejaa miR-451 na miR-16. Sindano ikiwa nyembamba mno, mrija ukitikiswa, au sampuli ikicheleweshwa njiani, chembe hupasuka na hesabu huvurugika. Utapewa namba ya umri kumbe kilichopimwa ni mkono wa aliyekutoa damu. Hata sampuli ikiwa safi, hakuna daktari atakayebadilisha matibabu yangu kwa sababu ya namba hiyo.

Hela hiyo usiilipe, mwanangu. Kama moyo wako unataka kunifanyia kitu, nilipie kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kile cha HbA1c, na cha figo. Hivyo daktari wangu anavihitaji, na mashine ya presha niliyo nayo bado nzima. Nitakwenda Jumatatu asubuhi na majibu nitakutumia.

Mama yako