Muulize Bibi Mifugo: Sungura asiyetakiwa na mtu

*Shikamoo Bibi. Familia niliyokuwa naifanyia kazi hapa Moshi ilirudi kwao mwezi wa sita, wakaniachia sungura dume mmoja na simbilisi wawili. Tangu mwezi wa nane sungura kichwa kimepinda upande wa kushoto. Akitaka kwenda mbele anazunguka, akishtuka anaviringika kama gogo. Nimetuma picha zake kwenye magrupu yote ya WhatsApp, hakuna anayemtaka. Simbilisi waliombwa na watu watatu, lakini walipoona mmoja anaburuta miguu ya nyuma wakanyamaza. Nawalisha pumba na mahindi, wanakula vizuri tu. Shemeji yangu anasema sungura tumfanye supu, na mwanangu wa miaka 9 akisikia hivyo analia. Nasikia kwako Tengeru kuna wanyama wanaokaa moja kwa moja, hawagawiwi. Je, niwalete?* — Mama Neema, Moshi

Marahaba mwanangu. Nianze na shemeji, maana ndiye mwenye kisu. Mwambie sungura anaanza dozi ya dawa wiki hii, na nyama yenye dawa hailiwi. Hatakuwa na la kujibu.

Wala si kumdanganya. Sungura akipinda kichwa, mara nyingi ni ugonjwa wa sikio la ndani, au ni kijidudu kiitwacho Encephalitozoon cuniculi, kinachokaa kwenye ubongo na figo. Daktari wa mifugo aanze na masikio. Akiona ni kijidudu, atakupa fenbendazole, ile ile ya minyoo tunayowanywesha mbuzi, ila hii ni kila siku kwa siku 28, tena kwa uzito wake. Apimwe kwenye mizani, usikisie kwa kifuniko cha chupa. Na kama ataandika antibayotiki ya kunywa ya jamii ya penisilini, mkumbushe kwa adabu kwamba mgonjwa ni sungura. Dawa hiyo huua bakteria wazuri wa tumboni, na sungura anaweza kufa nayo. Simbilisi vilevile.

Baada ya dawa wengi hurudi kula na kukimbia, lakini kichwa kinabaki vilevile. Hapo ndipo watu huniletea. Ninaye mmoja, huu mwaka wa nne, tunamwita Upande. Jicho lake moja linatazama dari na lingine linatazama sakafu. La chini hukusanya vumbi, kwa hiyo asubuhi nalisafisha kwa maji ya chumvi yaliyopoa na kulipaka dawa. Ubavuni mwake huwa nimekunja kanga kuukuu mbili ziwe kama mito, ili akiyumba aegemee. Sakafu ni mkeka. Kwenye saruji laini angeteleza na kuvunja mguu. Majani namwekea upande ule kichwa kilikolalia, asiyatafute. Na siingii kwake kimyakimya. Nabisha hodi, nasimama upande wa jicho la juu anione, ndipo nainama. Nikisahau, anaviringika mpaka ukutani, na mimi siku nzima nina hatia. Ila mletee majani ya viazi vitamu uone! Anakimbia kwa mviringo wake, anafika, anakula mpaka mashina. Huyo ndiye waliyeniambia anateseka, nimpumzishe.

Sasa swali lako. Mabanda yangu ni 14, na yote yana wenyewe. Anayepokea wanyama na kuwagawa hupata nafasi kila wakati. Mimi nafasi naipata mmoja akifa, na ya mwisho ilipatikana mwezi wa tatu, alipokufa jike aliyefikisha miaka tisa. Watu wakisikia makazi ya kudumu hudhani ni bohari isiyojaa. Tena huahidi: Bibi, nitakuwa natuma ya majani kila mwezi. Mwezi wa kwanza wanatuma.

Na gari je? Sungura wa namna hiyo, ndani ya boksi, kwenye Coaster ya Moshi hadi Tengeru, atafika ameviringika njia nzima. Akishaacha kula kwa hofu, utumbo unasimama. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula ni mgonjwa wa dharura, tusije tukamponya kichwa tukamuua tumbo.

Kwa hiyo namchukua, lakini abaki kwako. Usicheke. Marekani ndiko nilikosikia utaratibu huu. Huko yapo makazi makubwa, kama ya Best Friends Animal Society kule Kanab, Utah, yaliyoanza mwaka 1984, na sungura wana nyumba zao humo. Lakini wapo pia wanaomwacha mnyama asiyegawika kwa mlezi nyumbani, yeye analisha na kusafisha, wao wanabaki na jukumu la dawa na daktari. Nimeshafanya hivyo na majirani wawili. Nitamwandika kwenye daftari langu kama wa 15, dawa juu yangu, na nitakuja Moshi kabla siku 28 hazijaisha. Kazi ya hodi mpe mwanao. Mtoto wa miaka 9 anaiweza kuliko mimi mwenye magoti haya.

Jambo moja tusilifiche. Kudumu si kumng'ang'ania. Siku akigeukia ukuta, akaacha majani anayoyapenda, akawa anasaga meno kwa sauti, hayo ni maumivu. Niite, na daktari atakuja na sindano. Si wewe utakayeamua peke yako, wala si shemeji.

Simbilisi usimlete. Huyo hana ulemavu, nadhani ana kiseyeye. Simbilisi ni kama binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C, na kwenye pumba na mahindi hakuna. Viungo vinauma, anaacha kuvitumia, watu wanasema amepooza. Mpe kipande cha pera na kipande cha pilipili hoho kila siku, na majani mabichi ya kutosha. Mwenzake naye ale hivyohivyo. Asipobadilika kwa siku kumi, akaonwe, huenda alianguka. Mwaka juzi niliwekewa mmoja getini na karatasi imeandikwa "hatembei". Kwa mapera ya sokoni tu, wiki ya tatu alinitoroka. Akipona, wale watu watatu watarudi.

Usiniulize nina uhakika gani na mambo haya, maana nimejifunza kwa kuharibu. Zamani nilikata meno ya sungura yaliyozidi kwa koleo la kucha, kama nilivyofundishwa. Jino lilipasuka mpaka kwenye shina, likaota jipu. Usaha wa sungura ni mzito kama jibini, haukamuliki, na yule hakupona. Meno yale hayaachi kuota, kwa hiyo siku hizi daktari huyasaga kwa mashine kila baada ya wiki kadhaa, au huyang'oa yote sita ya mbele, na sungura anakula majani yaliyokatwakatwa. Ninao wawili vibogoyo. Wamenenepa kunishinda.

*Bibi, ukisema kweli, fedha unazowalisha hao si zingesomesha mtoto? Sungura ni kitoweo.* — Msomaji, Tanga

Ni kitoweo, na nimekila. Nilifundisha wafugaji sungura wa nyama miaka 20 kabla sijastaafu, na sina ugomvi na hata mmoja wao. Ila huyu wa Mama Neema alipakatwa miaka, akapewa jina, akazoea mikono ya watu. Hakufugwa kwa sufuria, na mimi siwezi kubadilisha mkataba wake kwa sababu kichwa kimepinda. Fedha ni pensheni yangu, na inayokwenda kwa wingi ni ya dawa. Chakula ni hei, majani ya viazi vitamu na nyasi ninazofyeka kando ya mfereji. Katika hilo sijamnyima mtoto wa mtu. Anayelalamika ni ng'ombe wa jirani.