Siku moja Kilwa Kisiwani: mpango na vitu vya kubeba

Ndugu, umeuliza kama siku moja inatosha kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na yale ya Songo Mnara, kisiwa kingine cha jirani, na ubebe nini. Kwa maoni yangu, siku hiyo iachie Kisiwani pekee, kwani Msikiti Mkuu, Gereza (ngome ya zamani) na Husuni Kubwa, kasri lililo kwenye mwamba juu ya bahari, havistahili kupitiwa mbiombio. Shughulikia kibali cha kuzuru magofu Kilwa Masoko, mji ulio bara, kabla ya kuvuka, kisha uondoke asubuhi na mapema. Beba maji mengi ya kunywa, kofia, noti ndogondogo na viatu vyenye soli imara, ila uvae vile unavyoweza kuvivua upesi, maana maji yakipwa huenda ukalazimika kushuka mashuani ukitembea majini. Mavazi yawe ya heshima, kwa kuwa kisiwa kina wakazi.