Michezo ya Pokémon ya kivinjari haifunguki tena: ipi inaokoleka, na kwa njia gani

SWALI

Fundi, habari za kazi. Nina chumba cha kompyuta cha watoto hapa Bwera, wilaya ya Kasese, Uganda. Kompyuta ni 6, zote Windows 7 zenye RAM ya GB 2, pamoja na laptopu yangu ya Windows 10. Watoto wa miaka 6 hadi 12 huja baada ya masomo. Zamani walicheza michezo midogo ya Pokémon ndani ya kivinjari. Siku hizi panatokea mraba mtupu, au naambiwa Adobe Flash Player imezuiwa. Tovuti moja inanitaka nipakue "Flash mpya", na kijana mmoja kanishauri nirudishe tarehe ya kompyuta hadi 2020. Nifuate lipi? Na je, wanaweza kucheza bila mimi kununua bando kila siku? Mwalimu, Bwera.

JIBU

Mwalimu, salama. Usifuate lolote kati ya hayo mawili.

Flash, programu iliyochezesha michezo hiyo ndani ya kivinjari, haina toleo jipya. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 programu yenyewe ikaanza kukataa kufungua michezo, kwa kuwa kufuli la tarehe lilikuwa limefichwa ndani yake. Kwa hiyo tovuti inayokupa "Flash mpya" inakupa kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho ni kirusi. Kurudisha tarehe nako hakusaidii, kwa sababu Chrome 88 na Firefox 85, zote za Januari 2021, zimeiondoa Flash kabisa. Isitoshe, kompyuta inayodhani iko 2020 itaviona vyeti vya usalama vya tovuti za https kuwa muda wake haujaanza, na hapo hata tovuti za kawaida zitagoma kufunguka. Wapo wanaotafuta toleo 32.0.0.371, la mwisho lisilo na kufuli hilo, na kulitumia kwenye kivinjari cha zamani. Kwenye mashine isiyogusa intaneti kamwe, sawa. Kwenye chumba cha watoto, hapana: matundu yake ya usalama hayatazibwa tena.

Kinachofaa ni Ruffle, programu huria ya bure inayoigiza Flash ndani ya kivinjari cha kisasa. Ila kabla hujaanza, jua mchezo unaoutafuta ni wa aina gani, maana mingine haiokoleki hata ukesha.

Michezo iliyoishi kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, imekwenda. Pokémon Dream World, iliyounganishwa na michezo ya Black na White ya Nintendo DS, ilifungwa Januari 2014. Pokémon Global Link yote, tovuti iliyobeba huduma hiyo, ikafungwa Februari 2020. Huko kivinjari kilikuwa dirisha tu. Wanyama, bustani na marafiki wa mtoto vilikaa kwenye mashine za kampuni. Ukipata faili zake leo utaona picha ya kufungulia, kisha kimya. Mchezo wa kadi wa mtandaoni nao, ambao mwanzoni ulichezwa kwenye kivinjari, ulifungwa Juni 2023, na mrithi wake, Pokémon TCG Live, ni programu ya kusakinisha.

Kinachookoleka ni michezo midogo: kupanga vipande, kukumbuka picha, kukimbiza, kulenga. Hiyo ilikuwa faili za Flash (.swf) zisizotegemea seva, na nyingi zimehifadhiwa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ambako unaweza kuicheza papo hapo (wao waliingiza Ruffle Novemba 2020) au kupakua .swf yenyewe. Ukikuta faili ya .dcr, hiyo ni Shockwave, ya .unity3d ni Unity ya zamani. Ruffle haiwezi kuzifungua, usipoteze muda nazo.

Ukishapakua faili, ikague kabla ya kuilaumu Ruffle. Fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows) ndani ya folda ile na uandike:

Get-Content mchezo.swf -Encoding Byte -TotalCount 4

Zitatokea namba nne. Tatu za mwanzo zikiwa 70 87 83, 67 87 83 au 90 87 83, hiyo ni Flash halisi. Zikianza na 60, umepakua ukurasa wa tovuti uliopewa jina la .swf, kosa la kila siku kwa wanaobofya kitufe cha kupakua kisicho chenyewe. Namba ya nne ni toleo. Ikiwa 8 au chini ya hapo, mchezo umeandikwa kwa lugha ya zamani ya Flash, ambayo Ruffle inaimudu vizuri sana. Ikiwa 9 kwenda juu, huenda umetumia ActionScript 3, lugha mpya zaidi ya Flash iliyokuja 2006. Hiyo Ruffle inaimudu kwa sehemu, kwa hiyo ujaribu wewe kabla ya kuwaita watoto.

Sasa mpangilio wa chumba. Kusakinisha mashine moja moja kunawezekana, lakini mimi nisingefanya hivyo. Laptopu yako iwe seva, zile 6 zifungue michezo kutoka kwake kupitia ruta. Faida yake ni kwamba ukiongeza mchezo unauweka mahali pamoja tu.

Kwenye laptopu tengeneza folda C:\michezo. Ndani yake weka folda iitwayo ruffle, yenye faili zote za Ruffle ile iliyoandaliwa kwa ajili ya tovuti. Kwenye ukurasa wao wa kupakua inaitwa "self-hosted". Usichukue ruffle.js peke yake, kwani inaita faili za .wasm zilizo kando yake. Kisha kila mchezo uwe na ukurasa wake mdogo, mfano kumbuka.html, wenye mistari hii:

<script>
window.RufflePlayer = window.RufflePlayer || {};
window.RufflePlayer.config = { preferredRenderer: "canvas", quality: "low" };
</script>
<script src="ruffle/ruffle.js"></script>
<embed src="kumbuka.swf" width="640" height="480">

Mstari wa "canvas" na "low" nimeuweka kwa ajili ya mashine zako za GB 2, ambazo mara nyingi kadi yake ya picha ni dhaifu. Mchezo ukionekana umekosa rangi au vivuli, ondoa mstari huo kwenye ukurasa huo mmoja uone.

Usiufungue ukurasa kwa kuubofya mara mbili. Anwani ikianza na file:, kivinjari hukataa kusoma faili za .wasm kwa sababu za usalama, nawe utadhani Ruffle ni mbovu. Sakinisha Python kwenye laptopu, ukiweka alama kwenye kisanduku cha "Add python.exe to PATH", kisha kwenye dirisha la amri:

cd C:\michezo
python -m http.server 8000

Windows itauliza kama iruhusu. Kubali kwa mtandao wa faragha tu. Andika ipconfig kwenye dirisha jingine upate anwani ya IPv4, tuseme 192.168.0.100. Kwenye kila kompyuta ya mtoto fungua http://192.168.0.100:8000/kumbuka.html. Kwa Windows 7, Chrome ya mwisho ni 109. Firefox ESR 115 nayo inafanya kazi, na kwa umri wa mashine hizo ndiyo ningeichagua. (Ukilazimika kuigeuza mojawapo kuwa seva, chukua Python 3.8, maana kuanzia 3.9 haikubali Windows 7.)

Lile dirisha jeusi la Python usilifiche. Ndilo litakaloeleza kwa nini mchezo umekwama. Kila faili inayoombwa inaandikwa pale: 200 maana yake imepatikana, 404 maana yake haipo. Michezo mingi ya watoto haikuwa faili moja. Ile ya kwanza ni mlango tu, nayo inaita sauti, ramani na hatua za mchezo kutoka faili nyingine. Mtoto akiona mstari wa kupakia umesimama, tazama dirisha. Ukisoma, kwa mfano, GET /sauti/menu.swf 404, basi jina na folda inayotakiwa unavyo tayari: tafuta faili hiyo, uiweke kwenye folda iitwayo sauti ndani ya C:\michezo, kisha upakie ukurasa upya kwa Ctrl na F5. Kosa la 404 la favicon.ico lipuuze. Na andika majina kwa herufi kubwa na ndogo vilevile kama yalivyo. Windows haijali tofauti hiyo, lakini siku ukihamishia kazi hii kwenye Linux nusu ya michezo itakufa.

Kuna mchezo utakaofunguka na kusema hauruhusiwi kuchezwa hapa, au utabaki mweupe bila 404 hata moja. Huo huenda umefungwa kwa anwani: unakagua kama uko kwenye tovuti yake ya awali. Kwa huo tumia Ruffle ya mezani, ambayo ni programu ya kawaida ya Windows, na uiendeshe kwa amri ya ruffle.exe --spoof-url ikifuatwa na anwani ya zamani ya mchezo, halafu jina la faili. Kwenye kompyuta kuukuu sana programu hiyo huenda isifunguke kabisa kwa sababu ya kadi ya picha, kwa hiyo iweke kwenye laptopu. Kama nayo imeshindwa, kimbilio ni Flashpoint Archive, hazina iliyoanzishwa 2018. Chukua toleo la Infinity, linalopakua mchezo mmoja mmoja unapoubofya. Lile kamili linazidi terabaiti 1, na hakuna bando la kulimudu.

Malalamiko mawili utakayoyapata siku ya kwanza ni madogo. "Haina sauti": vivinjari hunyamazisha sauti mpaka mtu abofye ndani ya mchezo. "Mishale haifanyi kazi": ni hivyohivyo, abofye kwanza katikati ya picha.

Lalamiko la tatu ndilo litakalomliza mtoto: "Mchezo wangu umefutika." Hatua alizofikia hazikai kwenye laptopu yako, zinakaa ndani ya kivinjari cha kompyuta aliyokalia, zikiwa zimefungwa kwa anwani ile ya seva pamoja na namba ya mlango, yaani ile 8000. Leo laptopu ikiwa 192.168.0.100 na kesho ruta ikaipa 192.168.0.103, kivinjari kinaona ni tovuti ngeni na mtoto anaanza upya. Ingia kwenye ukurasa wa ruta (TP-Link nyingi ni 192.168.0.1), sehemu ya DHCP, "Address Reservation", uifungie laptopu anwani moja ya kudumu. Mlango 8000 nao usiubadilishe. Hakikisha Firefox haijawekwa ifute historia inapofungwa. Na kwa kuwa watoto wanapokezana viti, mpe kila mtoto kompyuta yake ya kudumu, au umfundishe kubofya kitufe cha kulia juu ya mchezo na kuchagua "Open Save Manager", ambako anaweza kupakua hatua zake kama faili na kuzirudisha kwenye mashine nyingine. Wa miaka 10 kwenda juu wanaliweza hilo bila shida.

Kuhusu maudhui, cheza kila mchezo hadi mwisho kabla ya kuuweka. Jina la Pokémon halitoshi kuwa kibali, maana michezo mingi ya Flash yenye jina hilo ilitengenezwa na mashabiki, wengine watu wazima wenye utani wao. Mwaka 2012 PETA, shirika la kutetea wanyama, lilitoa mchezo wa kivinjari wa kukejeli, Pikachu akiwa na majeraha na damu. Mtoto wa miaka 6 hataelewa kejeli hiyo, ataota ndoto mbaya. Pokémon Showdown, inayofunguka vizuri hadi leo bila Flash, ni kazi ya mashabiki pia na ni nzuri kwa kufundisha mbinu za pambano, lakini inahitaji intaneti na ina soga na watu usiowajua. Mimi ningewaachia wakubwa tu, nawe ukiwa nyuma yao. Akaunti yoyote usiwafungulie wewe: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi ili taarifa za mtoto zikusanywe. Na kwa kuwa michezo hii ni mali ya wenyewe, usiwatoze watoto kwa mchezo.

Bando sasa. Ukishapakua faili, ruta haihitaji laini wala mtandao wa nje. Iwashe tupu, unganisha mashine kwa waya au Wi-Fi, na mtoto anacheza bila kuigusa data, ambayo tangu Julai 2021 inabeba ushuru wa 12% juu ya bei. Umeme ukikatika laptopu itaendelea kwa betri yake, lakini ruta itazimika na kuikata michezo yote. Ikiwa zile kompyuta 6 zina umeme wa akiba, nawe ukataka kuiwasha ruta kwa betri ya sola, soma kwanza lebo ya adapta yake. Ikiandikwa 12V, betri ndogo ya volti 12 inaifaa kupitia kifaa cha kutuliza volti, kwani betri inayochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Ikiandikwa 9V au 5V, usiiunganishe na betri hiyo moja kwa moja. Nunua kishusha volti, ukipime kwa mita kabla ya kuchomeka.