Dakika tano zimekwenda wapi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nakusanya filamu za zamani, zile za mwendo wa pole ambazo wengi huzizima kabla ya nusu. Nimepata kanda moja ya video. Boksi linasema dakika 120, lakini kwa saa yangu inaisha kwenye 115. Nimeuziwa iliyokatwa? Halafu pembeni mwa mkanda kuna madoa meupe.
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba. Hujapunjwa. Sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, ila kanda za PAL, mmojawapo wa mifumo ya runinga, huonyesha 25. Kwa kawaida filamu huharakishwa tu ili ifikie hapo. Zidisha 120 kwa 24, gawa kwa 25: dakika 115 na sekunde 12. Sauti nayo hupanda kidogo. Mwenye sikio la muziki atasikia.

Ingeisha kwenye 108, hapo ungekuwa na kesi. Msambazaji akiona mtu anamenya viazi dakika tatu bila neno, mkasi unamwasha mkono. Kuhakikisha, fumba macho usikilize: palipokatwa, muziki au sauti ya mvua huruka ghafla. Kagua na kingo za picha. Filamu pana ikipunguzwa ijae runinga ya zamani, wa pembeni hutoweka, na katika filamu tulivu anayenyamaza pembeni mara nyingi ndiye mwenye habari.

Madoa ndiyo shida hasa. Ni ukungu, na unyevu wa ziwani unaulea. Umeshaicheza mara moja. Usirudie, wala usiweke kanda nyingine kabla ya kusafisha deki, utazieneza mbegu. Tumia kitambaa laini cha ngozi na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kitambaa kitulie, dramu (ile silinda inayozunguka ndani ya deki) uizungushe kwa mkono. Ukisugua juu-chini unavunja hedi, vile vichwa vidogo vya dramu vinavyosoma mkanda. Pamba za masikio nazo huacha nyuzi zinazonasa.

Kanda ifungie siku kadhaa kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vya maboksi ya viatu (vipya, vilivyokaa wazi vimeshashiba). Usianike juani, mkanda utajikunja. Ukungu mbichi ukifutwa hupakazika. Ukikauka, toka nje, vaa barakoa, fungua skrubu tano za chini, upanguse kwa brashi laini. Kisha hamishia magurudumu yote mawili kwenye ganda safi la kanda usiyoihitaji, na uvunje kijiplastiki cha upande wa lebo ili mtu asirekodi juu yake.