Kabla hujachora majedwali, uliza nani kamwahidi nani

Vijana wanaoanza kutengeneza mifumo ya biashara wakinionyesha kazi zao, mara nyingi nakuta wameshachora majedwali ya kuhifadhia data: Wateja, Bidhaa, Oda, Malipo. Sawa, yatahitajika. Ila biashara ni watu wanaoombana, wanaoahidiana na kudaiana, na ukitangulia na majedwali hayo mambo hukosa pa kukaa.

Kuna duka la jumla la vifaa vya ujenzi nililolifanyia kazi. Fundi mkuu anapiga simu: "Nileteeni mifuko mia mbili ya saruji kesho asubuhi." Kwenye mfumo wao wa zamani hiyo ilikuwa oda, basi. Mwenye duka alijiona ameombwa, fundi alijiona ameahidiwa. Mwisho wa safari ndiko kulikoharibika zaidi. Dereva akishusha mzigo anabonyeza "Imefikishwa", oda inafungwa. Huku nyuma mtunza stoo wa saiti ameandika kwa peni kwenye karatasi ya deliveri: "Mitatu imechanika, sijaipokea." Mhasibu hana habari, anatoa ankara ya mia mbili kamili.

Nadharia ya kutatua hili ipo siku nyingi. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda: anayetamka "naahidi" ameshajifunga. Mwanafalsafa Mmarekani John Searle akaendeleza. Mwaka 1986 mtaalamu wa kompyuta Terry Winograd na Fernando Flores wakalileta wazo hilo kwenye kompyuta (Flores huyu ndiye aliyekuwa waziri wa Rais Allende kule Chile, akafungwa baada ya mapinduzi ya 1973). Huko Uholanzi, Jan Dietz akalitengenezea mbinu ya kuchora shughuli za biashara iitwayo DEMO. Ndani yake kila muamala una kuomba, kuahidi, kutenda, kutangaza kwamba kazi imekwisha, na kukubali. Aliyeomba asipokubali, muamala uko wazi bado. Kitufe cha yule dereva kilikuwa tangazo tu, lakini mfumo ukakichukulia kama kukubali.

Kwa hiyo keti na watu wa duka, na kwa kila hatua uliza: nani anaweza kukataa hapa, na akikataa inakuwaje? Swali hilo moja litakufunulia mengi kuliko kuomba nakala za fomu zao. Kisha hifadhi kila tamko: nani kasema, kwa nani, lini, kwa niaba ya nani. Hali ya oda itokane na matamko hayo, isiwe neno ambalo yeyote anaweza kulibadilisha.

Usipitilize, lakini. Miaka ya 1980 programu ya kutumiana ujumbe ya Flores na wenzake, The Coordinator, ilimtaka mtumaji aseme ujumbe wake ni ombi, ahadi au nini, na watu wengi waliichukia. Mwanaanthropolojia Lucy Suchman baadaye alihoji kama makundi hayo ya ujumbe si fimbo ya kuwabana wafanyakazi. Naona ana hoja. Kupatana bei kubaki kwenye simu na WhatsApp kulikozoeleka. Wewe rekodi pale deni linapozaliwa au kufa.

Na ukimya? Mteja asiyejibu chochote baada ya mzigo kushuka amekubali au hajakubali? Hilo usiliamue wewe kwenye msimbo wa programu. Mwenye duka na wateja wake waliandike kwenye mkataba, ndipo uliweke kwenye mfumo.