Maswali ya Wasomaji: Injini Nyingine Ndani ya Starlet Kuukuu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki Toyota Starlet ya umbo la EP82 yenye injini ya 4E-FE ya lita 1.3. Injini inakula oili na hukosa nguvu kila inapokutana na mlima. Marafiki zangu wamegawanyika: mmoja ananishauri nifunge 4E-FTE yenye turbo (kifaa cha kusukumia injini hewa ya ziada), mwingine anaisifia 4A-GE ya lita 1.6, na wa tatu anasema ninunue turbo peke yake niiongeze kwenye injini niliyonayo. Fedha zangu si nyingi. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujanunua chochote, mwambie fundi apime kompresheni (nguvu ya mgandamizo wa hewa) ya silinda zote nne. Ikiwa silinda moja imepungukiwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, atie oili kidogo ndani yake kisha apime tena: kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka, kisipopanda, tatizo liko kwenye vali au kwenye gasketi ya silinda hedi. Ninaanzia hapa kwa sababu wapo watu wengi wanaoihukumu injini nzima kwa kosa la sili za vali, ambazo zikichakaa huruhusu oili kuungua ilhali kompresheni imebaki nzuri, na ambazo kuzibadilisha ni kazi ndogo ukilinganisha na kushusha injini.

Ikithibitika kwamba injini imekwisha, sitakuwa upande wa rafiki yako yeyote kati ya hao watatu. Tafuta 5E-FE ya lita 1.5. Hiyo ni ndugu wa tumbo moja na injini yako: kipenyo cha silinda ni kile kile cha milimita 74, ila mwendo wa pistoni umerefushwa kutoka milimita 77.4 hadi 87, na kwa hiyo ujazo umepanda kutoka sisi (sentimita za ujazo) 1,331 hadi 1,497. Giaboksi uliyonayo inaipokea bila kuhitaji kuchongewa kitu, na kazi ya kuchomelea haipo. Usitarajie maajabu kwenye spidi ya juu; faida yake ni mvuto katika mizunguko ya chini, yaani mle mle mlimani unamolalamikia.

Siibezi 4E-FTE. Toyota walipata nguvu za farasi 135 kutoka ujazo ule ule wa sisi 1,331, katika gari lisilofika kilo 900, na aliyewahi kuliendesha anaelewa kwa nini linatafutwa hadi leo. Tatizo ni kwamba bei unayotajiwa huwa ni ya injini tupu, ilhali wewe utahitaji pia kompyuta yake ya kuongoza injini, waya zake zote zikiwa hazijakatwa, kipoza hewa cha turbo na mabomba yake, klachi imara zaidi, na breki zinazolingana na mwendo huo mpya. Kumbuka kwamba gari linalosimama kutoka kilomita 120 kwa saa huzipa breki joto lililozidi kwa asilimia 44 lile la kusimama kutoka kilomita 100. Kama huwezi kuvinunua vyote kwa pamoja, subiri, kwa maana gari lililofunguliwa kisha likaachwa nusu halirudi barabarani kwa urahisi.

Kuhusu kufunga turbo kwenye 4E-FE yako, jibu ni hapana. Uwiano wa mgandamizo wa injini hiyo ni mkubwa kuliko wa ile iliyotoka kiwandani na turbo. Ukiisukumia hewa ya ziada bila kurekebisha petroli na muda wa cheche, mchanganyiko utalipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Nayo 4A-GE, pamoja na sifa zake zote, haikuwahi kufungwa kiwandani kwenye umbo hilo, na hivyo kila mauntingi (kishikizo cha injini) na kila shafti ya magurudumu itakuwa ya kubuni.

Jambo la mwisho kwako: 5E-FE ikiwa bado iko chini, badilisha taiming belti, pampu ya maji, sili ya nyuma ya krankishafti na klachi. Vifaa hivyo ni rahisi kuvifikia wakati huo tu.

SWALI: Nina Honda Civic ya umbo la EG yenye injini ya D15B isiyo na VTEC (mfumo wa Honda unaoihamisha injini kwenye kemu kubwa mizunguko inapopanda), na nimepata B16A. Je, ninaweza kutumia giaboksi na kompyuta yangu ya sasa?

JIBU: Vyote viwili haviwezekani. Giaboksi ya familia ya D, kama D15B yako, haifungiki kwenye injini ya familia ya B, na kompyuta yako haina uwezo wa kuiamuru VTEC ifanye kazi, hivyo injini ingebaki kwenye kemu ndogo (nundu fupi zinazofungua vali) na kukunyima kile ulichokilipia. Habari njema ni kwamba Honda wenyewe waliifunga B16A kwenye umbo la EG, kwa hiyo mauntingi na shafti za kiwandani zipo. Utakapokwenda kuikagua, anza na presha ya oili: VTEC husukumwa na presha hiyo, na injini yenye pampu iliyochoka itakataa kubadilisha kemu hata kama waya zote zimeunganishwa sawasawa.