Barua kwa mwanangu: "journeyman" si fundi wa safari

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama tangazo la kazi uliloliona huko Houston, la "journeyman electrician", linamtaka fundi umeme wa kuzunguka mji hadi mji. Hapana. Sikio ndilo linalokudanganya: unasikia "journey", safari.

Mzizi ni neno la Kifaransa, journée: siku nzima, au kazi ya siku nzima. Kwa Waingereza "journey" nayo ilibeba yote mawili, mwendo wa siku na kazi ya siku. Mwendo ukawa safari. Kazi ikabaki kwa fundi huyu anayelipwa kwa siku. Sisi tunalo la jirani yake, kibarua: kile kikaratasi cha kazi ya siku, mpaka jina lake likamwangukia mtu mwenyewe. Ila kibarua si lazima ajue ufundi. Journeyman lazima awe amefundishwa akahitimu.

Na kufundishwa kwenyewe kulikuwa kuzito. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1563 ilidai miaka 7 ya uanagenzi, yaani kujifunza kazi chini ya fundi, na kipengele hicho kilifutwa mwaka 1814 tu. Mkataba wa mwanagenzi na fundi wake uliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wa menomeno, kila upande ukachukua kipande chake. Ukizuka ubishi, vipande vinakutanishwa. Meno yasipoingiana, kimojawapo ni cha kughushi. Aliyemaliza aliuza kazi yake kwa siku, lakini karakana na wanagenzi vilikuwa vya fundi mkuu.

Wanaolihusisha neno hili na safari mara nyingi wamesikia habari za Wajerumani. Kwao fundi aliyehitimu, hasa seremala, huweza kwenda kutembea kwa miaka 3 na siku 1 bila kukaribia kwao ndani ya kilomita 50. Ni desturi nzuri, na ipo hadi leo, lakini siyo iliyolizaa neno la Kiingereza.

Sasa tangazo lako. Huko Texas, jimbo la Houston, leseni ya journeyman inataka saa 8,000 za kazi chini ya fundi mkuu mwenye leseni, pamoja na mtihani. Kwa saa 40 kwa wiki, hiyo ni kama miaka 4. Ufundi mkuu ni saa 12,000, na uwe umekaa na leseni ya journeyman miaka 2. Kwa hiyo usijiite journeyman kwenye wasifu wako kwa kuwa tu mikono inazijua nyaya. Andika kwamba ni mwanagenzi, utaje na saa zako. Na kila unapohama mwajiri, mwombe fundi mkuu akutilie sahihi kwenye fomu ya saa siku hiyohiyo. Ukimtafuta baada ya miaka 3, huenda kahama au kafariki, na saa zako zikakosa shahidi.

Kwenye ndondi neno hilo limeshuka hadhi: ni bondia anayeijua kazi lakini hatarajiwi kutwaa mkanda wa ubingwa. Kwa fundi umeme halina dharau hiyo hata kidogo.

Niandikie ukishajumlisha saa zako.

Mama yako